Bonde Lililoachwa Nje ya Ramani

Kompyuta ya kwanza ya kuchorea ramani ilipofika Nyeri, muda mfupi baada ya sensa ya 1989, Wamucii wa Ngatia alikuwa amechora vilima kwa mkono tangu ujana wake. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake katika ofisi ya upimaji: kuchora kontua, ile mistari ya kahawia inayomwonyesha msomaji wa ramani wapi nchi inapanda na wapi inashuka. Mistari ikikaribiana, hapo pana mteremko mkali. Ikiachana, hapo mtu anaweza kulima bila kujishikilia kwenye mgomba. Kwa kalamu ya wino yenye ncha nyembamba kama sindano, alikuwa ameuzunguka Mlima Kenya wote, Nanyuki, Karatina, Kerugoya, akiwa ameketi kwenye stuli.

Alizaliwa Gathiru, huko Mukurweini, ng'ambo ya soko la Gakindu. Kule nchi imekaa kama vidole vya mkono uliokunjuliwa: mgongo, bonde, mgongo, bonde, na katika kila bonde mto. Utotoni aliishi katika kijiji ambamo serikali ya kikoloni iliwakusanya watu wakati wa hali ya hatari, nyumba zimebanana nyuma ya handaki, na alikuwa msichana wa shule wapimaji walipokuja kugawa mashamba upya. Baba yake, Ngatia, aliwafuata asubuhi hadi jioni akiogopa kigingi kisije kikahama. Jamaa zake walipenda kusema hapo ndipo Wamucii alipoanza kupenda ramani. Mwenyewe alikataa. Alisema aliomba kazi ya upimaji kwa sababu tangazo lilisema wasichana pia waandike, na kwa sababu hakutaka kuwa mwalimu wala nesi, kazi mbili pekee ambazo mama yake, Watiri, aliweza kuzitaja.

Alifunzwa Nairobi, akapelekwa Nyeri, akapanga nyumba Ruring'u. Aliolewa, akamzaa binti, Murugi, kisha akaachana na mume bila kelele. Ofisini wakamwita Mama Murugi. Hakuwa mtu wa kupiga domo. Akiwa kazini mtu angeweza kuingia, akachukua anachotaka na kutoka, naye asijue.

Mradi wa ramani za wilaya ulipoanzishwa kwa msaada wa wageni, waliomba mtu mmoja kutoka upimaji. Wakampa Wamucii. Ofisi ya mradi ilikuwa ghorofani juu ya duka la mbegu, vyumba vitatu vyenye mazulia, na ilibidi kuvua viatu mlangoni kwa ajili ya vumbi. Mkuu wake alikuwa Peterson Mutahi, mtu mpole wa Karatina aliyesomea mipango ng'ambo na ambaye hakuwahi kumfokea mtu. Upande wa kompyuta alikuwapo Dawud Shariff, kijana wa mtaa wa Majengo hapo mjini. Babu yake alifika Nyeri zamani akiwapikia askari, akaoa hapo hapo na hakuondoka tena. Dawud alizungumza Kikuyu cha mjini na Kiswahili kilichonyooka kuliko cha wote ofisini, jambo alilotaniwa nalo sana.

Yeye ndiye aliyemfundisha Wamucii. Palikuwa na meza kubwa iliyofichwa nyaya ndani yake. Unabandika ramani ya karatasi juu ya meza, halafu unaufuata mstari polepole kwa kifaa cha mkononi chenye kioo na alama ya msalaba. Kila unapobonyeza, kompyuta inakumbuka mahali hapo. Ukimaliza kuzunguka kata nzima, unarudi ulipoanzia. Usipofika pale pale, mashine inakataa na kukuambia kata yako iko wazi.

"Iko wazi aje?" Wamucii aliuliza mara ya kwanza. "Mimi naona imefungika."

"Macho yako yanaona imefungika, Mama Murugi," Dawud alisema. "Hii haina macho. Kuna kijitundu hapo Gakindu. Kwa hesabu yake, watu wote wa kata wanaweza kutokea hapo wakaenda zao."

Wamucii alicheka, jambo lisilo la kawaida kwake, akakiziba kijitundu.

Baada ya mipaka waliingiza barabara, mito na njia za miguu. Baada ya hapo wakaingiza watu: hesabu za sensa ziliunganishwa na kila kata, na mashine ikatapanya nukta nyekundu, kila nukta watu mia moja. Siku ya kwanza mashine ya kuchora, yenye kalamu zake za rangi zilizokuwa zikikimbia huku na huku zenyewe, ilipoitoa ramani ya wilaya nzima, Wamucii alisimama mbele yake kwa muda mrefu. Kazi ambayo mkono wake ungeifanya kwa mwaka ilitoka kabla chai haijapoa. Mitaa ya mji wa Nyeri ilikuwa imeiva kwa wekundu. Kieni ilikuwa na nukta za hapa na pale.

Kontua hazikuwemo. Bwana Mutahi alieleza sababu mapema: wafadhili walitaka watu, barabara na mipaka, nazo kontua zingekula miezi mingi ya kufuata mistari maelfu kwa maelfu. Alimtazama Wamucii alipokuwa akisema hivyo, akidhani labda angebisha. Wamucii hakubisha. Ukweli ni kwamba alikuwa ameichoka mistari ya kahawia. Macho yalikuwa yameanza kumsumbua, na hii kazi mpya ilimpa raha ambayo hakuwa ameipata kazini kwa muda mrefu.

Ramani ile ilikuwa na kazi maalumu. Serikali na wafadhili walitaka kujenga zahanati, na walitaka kujua wapi. Dawud alichora duara la kilomita tano kuzunguka kila zahanati iliyokuwepo; nukta zilizobaki nje ya maduara ndizo zilizokosa huduma. Upande wa Mukurweini palibaki pengo moja kubwa, na ndani yake migongo miwili inayopakana, Gathiru na Muthanga. Zahanati moja ingetosha yote miwili. Mashine ikaulizwa mahali pafaapo, ikaweka msalaba Muthanga, ambako palikuwa na watu wengi zaidi na barabara ya magari. Gathiru yote iliingia ndani ya duara jipya. Kutoka nyumbani kwa akina Wamucii hadi kwenye msalaba hapakufika kilomita mbili.

Habari hiyo haikuchukua muda kufika Gathiru.

Jumamosi moja kaka yake, Wahome, alifika Ruring'u na mkungu wa ndizi na mfuko wa nduma, yale magimbi ya bondeni. Wahome alikuwa mkubwa wake kwa umri, mkulima wa kahawa na mwenyekiti wa kamati iliyotenga kipande cha shamba karibu na kanisa ili zahanati ijengwe hapo. Alikunywa chai, akauliza habari za Murugi aliyekuwa shule ya bweni, akaisifu chai. Kisha akaweka kikombe chini.

"Niko na neno, mwari wa maitu," alisema. Ni jina ambalo Mkikuyu humwita dada wa tumbo moja, na Wahome alilitumia kwa nadra. "Hiyo zahanati imeenda Muthanga."

"Imeenda kwa watu wengi."

"Na sisi ni nini, mbuzi?"

"Nyinyi mko ndani ya kilomita tano. Hata mbili hazifiki. Nimepima mimi mwenyewe."

"Umepima na nini?"

"Na kompyuta."

Wahome alitikisa kichwa polepole. "Wamucii, wewe umezaliwa huko. Ile mto unaijua. Mvua ikinyesha hakuna mtu anavuka."

"Kuna daraja."

"Daraja gani?"

"La chini ya shamba la Wamae. Liko kwenye ramani."

Alilisema hilo kwa uhakika kwa sababu alilichora kwa mkono wake katika karatasi ya mwaka 1974, mistari miwili midogo juu ya mstari wa buluu, na juzi juzi alikuwa amelifuata tena kwenye meza ya kompyuta.

"Hiyo ya magogo? Ilibebwa na maji kitambo," Wahome alisema. "Mambo ya kitambo sana."

Hapo ndipo Wamucii alipokosea kumsikia. Hakusikia habari ya daraja. Alichosikia ni ndugu yake, mwenyekiti wa kamati, akitafuta njia ya kuivuta zahanati iende penye shamba la kamati. Katika miaka yake ya upimaji alikuwa ameona watu wengi wakija na ndizi. Mpaka usogee kidogo. Kisima kiingie upande huu. Kila aliyekuja alikuwa na sababu nzuri.

"Nikikusongezea nukta moja," alisema, "kesho watu wa Othaya watakuja na kuku. Siwezi."

"Sijasema usongeze nukta. Nimesema mkuje muone."

"Hakuna pesa ya kuenda kuona kila mahali. Ndiyo maana tuko na ramani."

Wahome alinyanyuka, akavaa kofia yake. Hakukasirika, au hakuonyesha. Mlangoni alisema, "Hizo nduma usichemshe sana, ni za chepechepe," akaenda zake. Wakakaa zaidi ya mwaka bila kutembeleana, ila kwa mazishi.

Zahanati ya Muthanga ilijengwa kwa mawe, ikapakwa rangi ya buluu na nyeupe, ikafunguliwa kwa nyimbo. Wamucii hakuhudhuria.

Aprili iliyofuata alipata salamu kwamba mama yake anakohoa. Akaomba ruhusa, akateremkia Gakindu, akapanda kwa miguu hadi Gathiru chini ya mwavuli. Mvua ilikuwa imeshika siku nyingi. Alimkuta Watiri kitandani, amelala kwa ubavu, pumzi fupi na za haraka, ngozi inachoma. Kagure, mke wa Wahome, alikuwa akimlisha uji kwa kijiko bila mafanikio.

"Mbona hamjampeleka Muthanga?" Wamucii aliuliza.

Kagure aliweka kijiko chini, akamgeukia mumewe aliyesimama mlangoni.

"Twende tumpeleke," Wahome alisema.

Wakamkalisha mama kwenye kiti cha mbao, wakamfunika kwa turubai, na vijana wanne wa jirani wakabeba kiti mabegani kwa miti miwili. Wamucii alifuata nyuma. Kutoka nyumbani hadi mtoni njia ilishuka kwa kasi kiasi kwamba wabebaji wa mbele walilazimika kunyanyua mikono juu ya vichwa na wa nyuma kwenda wakiwa wamechuchumaa. Udongo mwekundu ulikuwa kama sabuni. Wamucii alianguka mara mbili, na mara ya pili aliteleza hadi kwenye kichaka cha mibuni na kupoteza kiatu. Alikuwa amewahi kuuchora mteremko huu. Aliikumbuka mistari ilivyobanana hapa hata wino ukatishia kugusana.

Mtoni maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa na yalikuwa yakibeba migomba mizima. Ng'ambo, juu kabisa, waliiona zahanati. Waliyaona madirisha yake, na mtu aliyevaa koti jeupe akimwaga maji ya beseni nje. Hapakuwa na daraja. Palikuwa na kisiki kimoja cha nguzo upande huu.

Walisimama hapo. Mmoja wa vijana alipima kina kwa mti mrefu, mti ukazama wote, akarudi nyuma. Wahome hakumwambia dada yake neno lolote. Wamucii alingoja aambiwe, na alipoona haambiwi, ikawa vigumu zaidi kusimama pale.

"Turudi," Wahome aliwaambia vijana. "Tuzungukie Gakindu."

Kurudi juu kulikuwa kubaya kuliko kushuka. Walipofika barabarani walipata pikapu ya kiwanda cha kahawa iliyokubali kuwabeba hadi hospitali. Daktari alisema ni nimonia, na kwamba wangechelewa hadi kesho yake asingekuwa na la kufanya. Watiri alipona, ingawa hakurudia nguvu zake. Tangu hapo alitembea kwa mkongojo, na kila alipoulizwa habari ya siku ile alicheka na kusema alibebwa kama chifu.

Wamucii alirudi Nyeri na viatu alivyoazimwa na Kagure. Asubuhi ya kwanza aliingia ofisini kwa Bwana Mutahi akamsimulia yote bila kuongeza chumvi: daraja, mteremko, koti jeupe ng'ambo. Peterson Mutahi alimsikiliza hadi mwisho.

"Zahanati imeshajengwa, Mama Murugi," alisema. "Haiwezi kubebwa."

"Najua."

"Na ukiangalia vizuri, ramani haikukosea. Ilijibu tulichoiuliza."

"Tuliiuliza kana kwamba watu wa Mukurweini wanaruka," Wamucii alisema. "Na mimi ndiye niliyekuwa nikijua kwamba hawaruki."

Bwana Mutahi alichukua kalamu. Kisha akamwuliza anataka nini. Alitaka ruhusa ya kuziingiza kontua, kuanzia Mukurweini, kwa muda wowote utakaohitajika. Alipewa ruhusa hiyo kwa sharti kwamba kazi nyingine zisisimame.

Basi akairudia mistari ya kahawia. Karatasi baada ya karatasi, mkono kwenye kifaa, jicho kwenye kioo, akifuata kila mkunjo. Stima ilipopotea katikati ya kazi, na ilipotea mara nyingi, alianza mstari upya bila kulalamika. Dawud naye alishughulikia upande wake: aliandika programu ya kuigawa nchi katika viraba vidogo na kukipa kila kiraba uzito kulingana na mteremko wake, ili mashine iache kupima kilomita na ipime muda wa mtu kutembea. Lakini hakujua mtu hutumia muda gani kupanda mteremko wa Mukurweini.

"Kuna vitabu vya wazungu vinavyosema," alimwambia Wamucii.

"Hao wazungu walibeba nini walipokuwa wakipanda?"

Vitabu havikusema hilo. Kwa hiyo wakaenda wenyewe. Kwa wikendi kadhaa waliteremka na kupanda migongo ile, saa mkononi, siku za jua na siku za matope. Dawud alikuja na viatu vya ngozi siku ya kwanza, na siku ya pili na gambuti za mpira za shemeji yake. Waliwapima wanawake wenye mizigo ya majani ya ng'ombe, na mzee mmoja aliyekataa kupimwa mpaka aambiwe ni mashindano ya nini. Gathiru walifikia kwa Wahome. Aliwapokea vizuri, akampa Dawud maziwa ya mgando, akauliza kama Waislamu wanakula nyama ya Mkristo. Dawud akamjibu kwamba inategemea Mkristo amechinjwa na nani. Wahome alicheka hadi akashika ukuta. Akachukua kisu, akampa mgeni jogoo amchinje mwenyewe.

Ramani mpya ilipokamilika haikuwa na maduara. Kila zahanati ilizungukwa na umbo lisilo na jina, limejivuta kufuata barabara na kusinyaa kwenye mabonde. Sehemu za mbali na huduma zilipakwa wekundu uliokolea. Mukurweini ilionekana kama nguo iliyochanwa. Ilipobandikwa ukutani katika mkutano wa wilaya, walioitazama walisogea karibu, kila mmoja akatafuta kwao. Zahanati mbili zilizokuwa bado kwenye mipango, moja upande wa Othaya na nyingine Kieni, zilihamishwa kwa sababu ya ramani hiyo. Gathiru haikupata kitu. Fedha za sehemu ile zilikuwa zimekwisha kutumika, na hakuna aliyekuwa tayari kurudi kuzungumzia jambo lililokwisha.

Wamucii mwenyewe ndiye aliyeipeleka nakala Gathiru. Aliitandaza juu ya meza ya Wahome na kuzikandamiza pembe zake kwa vikombe. Akamwonyesha mto, kanisa, nyumba. Wahome aliinama, akaweka kidole juu ya wekundu.

"Hii rangi inasema nini?"

"Inasema mko mbali."

"Kwa hivyo sasa tuko mbali na serikali inajua."

"Ndiyo."

"Haya," alisema Wahome. Akaiangalia tena. "Ati ulisema mbili hazifiki."

"Nilisema."

"Ulinipa hata chai." Akaikunja ramani kwa uangalifu kuliko alivyohitaji. "Hii nitaipeleka kwa kamati. Watu wakiona rangi watatoa pesa ya daraja."

Na walitoa. Harambee ilifanyika uwanjani pa kanisa, kahawa ikiwa imelipwa vizuri mwaka ule. Fundi alitafuta mahali pembamba pa mto, na baada ya misimu miwili ya mvua likasimama daraja la nyaya na mbao, la watu na mbuzi tu. Watiri alivuka mara moja, kwenda kupimwa presha, akashika waya kwa mikono yote miwili na kutangaza kwamba hatarudia. Alifariki nyumbani kwake kabla ya mwaka kwisha, usingizini.

Wafadhili walipoondoka, mradi ulifungwa. Kompyuta zilifunikwa kwa plastiki, halafu zikachukuliwa, hakuna aliyesema zimekwenda wapi. Bwana Mutahi alipata kazi Nairobi. Dawud alihamia Nanyuki kuchora ramani za ranchi na mabomba ya maji, akamwoa Saumu, binti wa mwenye duka la nguo, na Wamucii akaalikwa harusini akakaa upande wa jamaa. Yeye alirudi upimaji, kwenye stuli, akafundisha wasichana wawili kazi, akastaafu na miwani minene. Alijenga Gathiru, nyumba ya vyumba viwili, akapanda mibuni michache na parachichi.

Wahome aliishi hatua chache kutoka kwake. Hawakuwahi kulizungumzia tena jambo la zahanati, si kwa sababu ya kinyongo, bali kwa kuwa lilikuwa limekwisha. Siku za soko walishuka pamoja hadi Gakindu, yeye mbele na fimbo, dada nyuma na kikapu, wakibishana juu ya bei ya mbolea.

Dawud alimpigia simu mara kwa mara. Siku moja alimwambia sasa kuna picha zinazopigwa na setilaiti, mtu anakaa Nanyuki na kuona hata mabati ya nyumba za Gathiru.

"Mabati yangu yanaonekana?" Wamucii aliuliza.

"Yanaonekana, Mama Murugi. Yanang'aa."

"Basi sema na hao wenye picha wakupe viatu vizuri, uje unione," alisema. "Na umlete Saumu. Parachichi zimeiva, na mimi siwezi kuzimaliza peke yangu."